Mtaro Nyuma ya Gereji ya Mjomba

Jumatatu, 9 Februari

Madamu Candide, mwalimu wetu wa biolojia, ameanzisha klabu ya habari za mazingira hapa lise, shule yetu ya sekondari. Kila mwanafunzi ataandika ripoti juu ya kartiye, yaani mtaa, anayokaa: uchafu, maji, miti, moshi, chochote kinachoharibika mbele ya macho ya watu. Baada ya Pasaka tutakwenda kuzisoma redioni, kila mtu kwa sauti yake.

Wengine walichagua haraka. Chanelle, anayekaa karibu na ziwa, akasema ataandika juu ya plastiki ufukweni. Ilipofika zamu yangu nikasema sijui.

"Wewe unatoka Buyenzi," Madamu akasema. "Basi utuletee Buyenzi."

Darasa likacheka. Mmoja nyuma akasema Buyenzi ni mafuta ya gari na kelele tu, ripoti itaandikwa kwa dakika moja. Nilicheka pia, maana usipocheka wanakuona umekasirika.

Niko kwenye lise hii tangu Septemba. Alama zangu za mtihani wa taifa ndizo zilizonileta. Mchana bado nakula peke yangu, kwenye ngazi za maabara.

Alhamisi, 12 Februari

Mvua tangu asubuhi. Viatu havijakauka.

Jumapili, 15 Februari

Nimeanza kuandika ripoti, nikaona bora nianze na nyumbani.

Ninakaa na mjomba wangu, Mohamadi, ndugu ya mama yangu. Mama yuko Muscat, anafanya kazi kwenye nyumba ya watu. Alipoondoka nilikuwa bado sijaanza kufunga Ramadhani, sasa nafunga mwezi mzima. Ananipigia siku ya Ijumaa wakimruhusu. Mjomba ndiye aliyenilea. Sare yangu ameinunua yeye, na siku matokeo yalipotoka alisimama katikati ya avenyu, barabara inayopita kwetu, akamwambia kila aliyepita.

Mke wake naye namwita Mama Khaled. Ni mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache ni ya kunikosoa: sufuria nimeiosha vibaya, maji nimemaliza. Mtoto wao Khaled anakaribia miaka minne. Anasema "mama", "maji", na "apana". Mengine anaonyesha kwa kidole.

Gereji iko mlangoni kwetu kabisa. Mjomba hatengenezi magari. Anafufua betri. Anazipasua zile zilizokufa, anamwaga asidi, anatoa vile vibao vya risasi, madini yale mazito ya kijivu, anaviyeyusha kwenye sufuria ya chuma juu ya makaa, anavimimina upya. Shakuru, jirani yetu, anamsaidia. Moshi wa risasi una ladha tamu kooni. Asidi inakwenda mtaroni, nyuma. Imekuwa hivyo tangu nizaliwe, na nilikuwa sijawahi kuiandika mahali popote.

Jumatano, 18 Februari

Kesho tunaanza kufunga. Mama Khaled amenituma sokoni kwa tende. Wenzangu darasani wamepanga kwenda kula pamoja Ijumaa. Sikualikwa, ila sasa angalau nina sababu.

Jumamosi, 21 Februari

Madamu alisema twende wawili wawili, mmoja amsaidie mwenzake kupiga picha. Mimi na Chanelle ndio tuliobaki, basi tukawekwa pamoja. Tulikwenda hadi Ruziba, kwa kuwa yeye alitaka kuona kule wavuvi wanakopandisha mitumbwi. Ziwa limepanda tena. Chupa na mifuko ilikuwa imejaa kwenye matete, na wanawake walikuwa wanaisukuma kwa mguu ili wachote maji.

Chanelle ana simu kubwa na anaongea bila kupumua. Alipiga picha chupa zilezile kutoka kila upande. Nilijisemea moyoni, huyu amekuja kutembea tu.

Njiani akaniuliza, "Wiki ijayo tunakuja kwenu?"

"Apana," nikamwambia. "Kwetu hakuna cha kupiga picha."

Jumanne, 24 Februari

Sijui niandike vipi, lakini nisipoandika sitalala.

Mvua ilinyesha mchana wote. Ilikokota takataka za mitaa yote ya juu ikazileta kwetu, mtaro ukaziba. Ilipokatika, watu wakatoka kufagia. Mjomba na Shakuru walikuwa na betri nyingi zilizosubiri tangu asubuhi, wakazipasua, wakamwaga kama kila siku. Ila leo maji hayakuwa na pa kwenda. Yakarudi nyuma, yakaingia kimyakimya chini ya ua wa nyumba ya Shakuru mwenyewe.

Binti yake Houda ana miaka mitano. Alikuwa peku anarukaruka kwenye madimbwi, kama watoto wote baada ya mvua. Nilikuwa naanika nguo upande wa pili wa ua. Nilimsikia akicheka. Halafu nikamsikia analia, nikadhani ameanguka. Halafu kilio kikabadilika, nikaacha nguo chini.

Mama yake alikuwa amemnyanyua, anamwuliza, "Nini? Nini imekuuma?" Miguu ilikuwa myekundu hadi juu ya vifundo, na katikati ya vidole ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe, inavutika. Nilimchukua nikamsimamisha kwenye beseni, nikamwaga maji safi, ndoo baada ya ndoo, maji yote ya nyumba yetu. Mikono yangu nayo ikaanza kuwasha.

Wamempeleka kituo cha afya. Waliporudi majirani walikuwa wamejaa uani. Mmoja akasema mtoto kakanyaga makaa. Mwingine akasema maji ya moto. Shakuru alisimama mlangoni, mikono yake mwenyewe ina makovu ya asidi hadi kiwikoni, akasema, "Ndiyo, ni makaa."

Mama Houda akamwangalia mumewe. Akarudia, "Ni makaa."

Kila mtu pale alijua. Mimi pia nilijua, na mimi pia sikusema kitu.

Jumatano, 25 Februari

Nimemwambia Mjomba. Nilisubiri amalize kufuturu, ametulia na chai yake.

"Mjomba, miguu ya Houda siyo makaa. Ni asidi yetu."

Akaweka kikombe chini. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Niliona maji yanarudi."

"Mi najua kazi yangu, Asiya. Naifanya toka wewe hujazaliwa. Baba yangu aliifanya. Umeona mutu amekufa?"

"Tunaweza kuiweka kwenye mapipa. Madamu alitufundisha kuna chokaa inayopunguza nguvu yake..."

"Madamu." Hakupandisha sauti. Huwa hapandishi. "Huyo Madamu atalisha Shakuru? Hiyo sare unavaa kwenda kwa Madamu imetoka wapi? Imetoka kwenye hiyo asidi."

Mama Khaled akaja akachukua vikombe. Chai yangu ilikuwa bado imejaa.

Ijumaa, 27 Februari

Mama alipiga. Mtandao ulikuwa mbaya, sauti yake ilikuja vipandevipande. Nilimweleza kila kitu kwa haraka, kabla simu haijakatika.

"Mama?"

"Niko hapa. Sikiliza, mwanangu. Huyo ni kaka yangu. Sina mwingine wa kumwachia wewe. Unanielewa?"

"Lakini Houda, Mama..."

"Unanielewa?"

Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua.

Alhamisi, 5 Machi

Nilimpelekea Madamu Candide maji ya mtaroni kwenye chupa. Sikumwambia ni ya wapi. Ana karatasi nyembamba za kupimia asidi. Aliichovya moja, ikawa nyekundu hata kabla hajaitoa. Akaifunga chupa vizuri, akaosha mikono, akaniambia nioshe yangu.

"Ni betri?" akauliza.

"Ndiyo, Madamu."

"Basi asidi ndiyo tatizo dogo, maana asidi unaiona, unapiga kelele, unakimbia. Risasi ndiyo mbaya. Inakaa kwenye moshi, kwenye vumbi, kwenye nguo za mwenye kuifanyia kazi. Mtoto anaivuta, anailamba kwenye vidole. Haumwi siku hiyo. Anapauka, tumbo linamuuma, hana hamu ya kula. Wengine wanachelewa kusema."

Aliendelea kuongea lakini mimi sikusikia tena. Nilikuwa namwona Khaled kila jioni, Mjomba anaporudi kutoka hatua mbili hapo nje, anavyomkimbilia na kuuficha uso wake kwenye ile suruali ya kazi.

Jumapili, 8 Machi

Nilimwambia Mama Khaled tulipokuwa tunachambua mchele. Nilitumia maneno ya polepole. Nikasema kuna kipimo cha damu, hospitali wanaweza kukifanya.

Akaacha mchele. "Unamwita mutoto wangu mjinga?"

"Apana, Mama Khaled. Nasema tu..."

"Baba yake naye alichelewa kusema. Leo anasema, si unamsikia? Toka hapa. Toka, nitachambua mwenyewe."

Niliketi nje hadi adhana. Khaled alikuja akakaa karibu nami, akaegemeza kichwa kwenye mkono wangu. Ni mwepesi sana.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua kubwa. Nilipita nyumba za nyuma, moja moja, nikiwaambia akina mama watoto wasikanyage maji. Wengi waliniitikia vizuri. Mmoja akasema, "Mwambie mjomba wako, siyo mimi."

Ijumaa, 20 Machi

Idi.

Mama alituma gauni la kijani kwa mtu anayekuja kutoka kule. Linanibana mabegani. Alinunua la yule mtoto aliyemwacha.

Tangu asubuhi avenyu imejaa watu wenye nguo mpya, pilau inanukia kila mlango. Mjomba aliketi nje kwenye kiti chake akiwa na kanzu nyeupe, sanduku la biskuti miguuni, na kila mtoto aliyepita alipata. Alimbeba Houda kwa mikono yake mwenyewe. Bandeji bado iko kwenye mguu mmoja. Akampa biskuti mbili, akamwuliza kama shule amekwisha kuisahau. Houda akacheka. Nilimwangalia Mjomba nikatamani sana nisiwe najua ninachokijua. Kartiye nzima, hakuna mtu anayewapenda watoto kama yeye.

Watu walipopungua nikasogea. "Mjomba, yale mapipa. Hata mawili tu."

Hakukasirika. Akaniwekea mkono kichwani. "Baada ya sikukuu tutaona, mama."

Nilifurahi hadi machozi yakaja. Mama hakuweza kupiga leo.

Ijumaa, 27 Machi

Wamemwaga tena. Jana, na juzi.

Jumanne, 31 Machi

Nilimpa Madamu ripoti yangu. Ilisema: katika kartiye moja ya mji wetu kuna mahali fulani ambapo watu fulani wanamwaga asidi.

Akaisoma, akavua miwani. "Asiya, hii imeandikwa vizuri, lakini haina mahali. Anayekaa pale akiisikia atasema ni kwa wenzake. Mama gani atamvuta mtoto wake ndani kwa 'mahali fulani'?"

"Siwezi, Madamu."

"Kwa nini?"

Nikamwambia gereji ni ya mjomba aliyenilea. Nilidhani ataniambia niwe shujaa. Hakusema hivyo. Alivuta kiti akakaa, akakunjakunja ile karatasi mikononi. "Basi sikulazimishi," akasema. "Mimi nitalala kwangu. Wewe utalala kwake. Uamue wewe."

Chanelle alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Tulipotoka akanifuata hadi kwenye ngazi za maabara.

"Nipe mimi nisome," akasema. "Kule kwenu hakuna anayenijua. Wakinikasirikia, ninapoteza nini?"

Nilimwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Hakuwa anacheza. Nikamwambia nitafikiri, na kwa kweli nilifikiri. Nilikaribia kabisa kukubali.

Jumapili, 5 Aprili

Wakristo wana Pasaka. Shule imefungwa. Mvua, kisha jua, kisha mvua. Khaled hajala tangu jana, anashika tumbo. Mama Khaled amempa chai ya tangawizi.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimemwambia Mjomba kwamba Jumamosi nitasema redioni, na nitataja avenyu yetu. Sikutaka asikie kwa watu. Alikuwa anapasua betri kwa shoka. Alishusha shoka mara moja zaidi, halafu akasema bila kugeuka:

"Huwezi."

Hakuwa ananikataza. Alikuwa haamini tu kwamba nitaweza.

Jumamosi, 11 Aprili

Studio ni chumba kidogo kilichobandikwa sponji ukutani, hakuna hewa. Tulikuwa watano. Chanelle alisoma yake juu ya ziwa na alisoma vizuri mno. Hakuwa na chupa tu. Alikuwa amewauliza wale wanawake wa Ruziba wanapika kwa maji gani, watoto wao wanaumwa nini. Alikwenda tena peke yake, bila kuniambia, mara kadhaa. Nilijisikia aibu kwa yale niliyokuwa nimemfikiria.

Akatoka kwenye kiti, akaninong'oneza, "Nipe karatasi. Bado kuna nafasi."

Nikakaa mimi.

Mtangazaji, Claude, akaniuliza jina. Nilisema Asiya, wa Buyenzi. Nikataja avenyu. Nikasema nyuma ya gereji ya betri kuna mtaro, na mtaro ule unabeba asidi, na mvua ikinyesha unaingia kwenye nyua za watu. Nikasema kuna mtoto ameungua miguu, na siyo makaa. Nikasema moshi wa risasi unaingia kwa watoto, na dalili zake ni hizi na hizi, na kipimo kipo.

Claude akaniuliza, "Wewe umejuaje yote haya?"

Kwenye karatasi hapakuwa na jibu la swali hilo.

"Kwa sababu gereji ni ya kwetu," nikasema. "Mwenye gereji amenilea mimi. Ni mtu mwema. Nilimwambia, akasema tutaona. Sisemi hapa ili afungwe. Nasema ili akina mama wa pale wavute watoto ndani mvua ikinyesha."

Wakaweka muziki.

Nilirudi kwa miguu. Nilitaka barabara iwe ndefu. Nilipoingia kwenye avenyu yetu, redio zilikuwa zimezimwa zote, na watu waliokuwa wanaongea wakaacha. Nilisalimia. Wazee wawili waliitikia salamu kwa sababu dini inawalazimu.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti chake nje. Nikasema, "Assalamu alaykum, Mjomba."

Akainuka, akakichukua kiti, akaingia nacho ndani.

Jumapili, 12 Aprili

Hakuna aliyenisemesha.

Jumanne, 14 Aprili

Watu wa komine, serikali ya hapa kwetu, wamekuja na gari. Walitazama mtaro, wakapiga picha, wakaongea na Mjomba kwa heshima. Gereji imefungwa mpaka atengeneze mahali pa kuweka asidi. Wakapaka alama nyekundu kwenye mlango.

Jioni nilikutana na Mama Houda bombani. Nilidhani yeye angalau. Ni mtoto wake. Aliweka ndoo chini.

"Baba Houda hana kazi toka leo," akasema. "Umefurahi? Mi nilijua ni asidi. Uliniona mujinga? Nilijua, nikanyamaza, maana miguu inapona na njaa haiponi. We uko na mama Uarabuni, uko na lise. Mi niko na nani?"

Akaondoka na ndoo tupu. Hakutaka kusubiri nyuma yangu.

Jumatano, 15 Aprili

Hakuna aliyenisemesha.

Ijumaa, 17 Aprili

Mama hakupiga.

Jumatatu, 20 Aprili

Shule imefunguliwa. Darasani wamenisikia redioni. Wananitazama kwa heshima mpya, ambayo nayo haina maneno. Mchana Chanelle alikuja kwenye ngazi na chakula chake, akakaa bila kuuliza. Anasema kwao anakula na televisheni. Baba yake yuko Kigali, mama yake anarudi amechoka, hakuna anayemwuliza siku ilikuwaje. Ndiyo maana akipata mtu anaongea hadi anasahau kupumua.

Leo lakini hakuongea sana. Tulikula.

Jumapili, 26 Aprili

Asubuhi Mama Khaled aliingia chumbani kwangu. Hajawahi kuingia. Alifunga mlango akasimama, mgongo kwenye mbao.

"Kile kipimo," akasema. "Nimekwenda. Alhamisi nilikwenda, sikumwambia mutu."

Nilisubiri.

"Damu yake ni mbaya. Daktari amesema iko juu sana. Akaniuliza, mama, mnakaa wapi? Nikamwambia. Akasema, mtoe mutoto pale. Leo, siyo kesho."

Mikono yake ilikuwa inashika ukingo wa kitenge na kukiachia. Nilitaka kumwendea. Sikuthubutu.

"Nimezaa watoto watatu, Asiya. We unajua? Hujui. Wawili wa kwanza walitoka kabla ya wakati wao. Nilisema ni Mungu. Daktari ameniambia na hiyo inaweza kuwa moshi, inaweza isiwe. Nitafanya nini sasa na hiyo? Ningependa asingeniambia."

Hapo nikaelewa kwa nini ni mtu wa maneno machache, na kwa nini siku ile ya mchele alinifukuza. Miaka yote nilidhani hanipendi mimi. Alikuwa na watoto wawili wa kuwanyamazia.

Anakwenda kwa mama yake, Rumonge. Alimfunga Khaled mgongoni ingawa ni mkubwa, akashika mfuko mmoja. Mlangoni akageuka. "Usifikiri nimekusamehe. Umetuvua nguo mbele ya watu." Halafu, "Ule wali uko kwenye sufuria ndogo. Usiuache uharibike."

Mjomba alimsindikiza hadi kwenye basi. Aliporudi alipita mbele yangu kama mtu anayepita mbele ya ukuta.

Ijumaa, 1 Mei

Napika. Namwekea sahani yake, naifunika, natoka. Nikirudi sahani ni tupu na imeoshwa. Ndivyo tunavyoishi.

Jumanne, 5 Mei

Mvua kidogo. Mama ametuma ujumbe wa sauti. Anasema bibi mwenye nyumba alimsikia analia, akamwuliza kuna nini, na hakuweza kumweleza kwa Kiarabu. Hakusema kama analia kwa ajili yangu au kwa sababu yangu.

Jumapili, 10 Mei

Hakuna mvua tena. Vumbi limeanza. Shakuru amepata kazi ya kupakua mizigo kwenye viwanda vya Zone Industrielle, anaondoka kabla jua halijatoka.

Jumamosi, 16 Mei

Mjomba alikwenda Rumonge juzi, karudi leo mchana. Nilikuwa namenya ndizi. Alikuja akaketi kwenye kibao, upande wa pili wa karai. Nilizidi kuinama kwenye zile ndizi.

"Anakula," akasema.

Sauti yake ilikuwa imenitoka masikioni. Nilichukua muda kuijua.

"Khaled?"

"Anakula samaki. Amepanda juu ya mtumbwi wa watu, akaanguka, hakulia." Alitazama mikono yake. "Mama yake hajaniruhusu nimbebe mpaka nimeoga na nimebadili nguo. Nikaoga ziwani kama mutoto, yeye amesimama ananiangalia kama nimesugua vizuri."

Sikujua kama nicheke.

"Asiya. Ungeniambia mimi kwanza. Kabla ya watu, kabla ya redio. Mi ni mjomba wako. Ungekuja kwangu kwanza."

Kisu kilisimama. Ningeweza kusema nisamehe, ingekuwa rahisi, na tungekula pamoja jioni ile.

"Nilikuambia, Mjomba," nikasema.

Nje mtoto alikuwa anasukuma ringi ya baiskeli, ikaanguka, akaiinua. Mjomba alimfuata kwa macho hadi mtoto akapita.

"Ndiyo," akasema. "Uliniambia."

Alijifuta uso kwa kiganja, toka juu hadi kwenye kidevu, na nikaona amezeeka mwezi huu. Baadaye akaniambia mengine. Betri hatashika tena. Anahamia Rumonge kwa mke wake, kuna mtu wa taa za sola anayehitaji fundi. Mimi lazima nimalize mwaka hapa, na nyumba itapangishwa.

"Nitakaa wapi?"

"Kwa Mama Houda. Nimemwomba."

"Amekubali?"

"Amekubali." Akasita. "Amesema tu usimsemeshe."

Jumamosi, 23 Mei

Nimehamia. Nalala na Houda kwenye mkeka mmoja. Miguu yake imepona, ila katikati ya vidole ngozi imebaki laini na inang'aa. Mjomba aliondoka asubuhi. Alinibusu kichwani mbele ya watu wote wa avenyu.

Mama Houda ananiwekea chakula changu. Simsemeshi.

Jumanne, 26 Mei

Kesho Idi ya kuchinja. Hakuna mvua. Houda ameniuliza kwa nini mama yake haongei na mimi. Nikamwambia amechoka.

Jumapili, 31 Mei

Leo asubuhi nilikuwa nafagia uani. Mama Houda alitoka na beseni la nguo, akalitua, akasimama akitazama upande wa nyuma, pale ua unapopakana na mtaro. Mtaro umekauka, chini yake kumebaki ganda jeupe lililopasukapasuka. Houda alikuwa kwenye kizingiti amevaa ndala, anamtazama mama yake, anasubiri ruhusa.

Nilifagia polepole.

"Ule udongo," Mama Houda akasema, bila kunigeukia. "Mutoto anaweza kucheza pale sasa?"

"Bado," nikasema. "Maji yamekwisha, lakini risasi inabaki kwenye udongo."

"Mpaka lini?"

"Sijui, Mama Houda."

Alikamua nguo ya kwanza, akaitupa juu ya kamba. Akakamua ya pili. Nilidhani imeishia hapo, nikainama tena kwenye ufagio.

"Na huyo Madamu wako," akasema, "yeye anajua?"

"Labda anajua. Naweza kumwuliza kesho."

Mama Houda akamshika mtoto wake mkono, akamvuta taratibu kutoka kizingitini, akamketisha ndani.

"Uliza," akasema.